Mayai ya omega-3 kushusha tumbo: tuongee ukweli juu ya yai, mafuta na kiuno

Mufugaji wa Bagira:
Jambo bote. Kuko audio moja inazunguka mu magrupu ya WhatsApp ya Bukavu, mutu anasema omega-6 ni sumu, na ukikula mayai mbili ya omega-3 kila asubui tumbo inaisha yenyewe bila kufanya kitu ingine. Na juzi ku soko ya Nyawera nikakuta plato moja bameiweka peke yake, bameandika OMEGA na biki juu ya karto, bei karibu mara mbili ya plato ingine. Mi nafuga kuku ya kutaga, chakula yao nachanganya mi mwenyewe, basi hii mambo inanigusa pande mbili, ya kuku na ya tumbo, juu ata mi tumbo niko nayo. Naandika murefu, mwenye iko na haraka apite.

Kwanza yai ya omega-3, ni kusema yai yenye mafuta ya aina ile ya mu samaki, iko kweli, haiko uongo wa soko. Mafuta ya mu kimanjano inafuata sana chakula ya kuku. Ukimupa mahindi na soja tu, yai inajaa zaidi aina ingine ya mafuta, asidi ya omega-6. Ukiongeza mbegu ya kitani, ile wafaransa banaita lin, ao chia, ao mafuta ya samaki, ao ile mimea midogo midogo ya mu maji yenye haionekane na macho, basi kisha wiki mbili tatu kimanjano inakuwa imebadilika. Kitani iko na asidi ya omega-3 inaitwa ALA, na kuku anajua kugeuza sehemu ya ile ALA anaifanya DHA, kazi yenye mwili ya mutu inafanya kwa shida sana. DHA njo ile tunatafutaka mu samaki, ubongo na macho inaipenda. Yai ya kawaida iko na DHA miligramu makumi kadhaa tu, yai ya kuku wenye balilisha muzuri inafika 100, zingine zinapita.

Na haiko mambo ya jana. Mu 1989 dokta Artemis Simopoulos na mwenzake Norman Salem balitoa barua mu New England Journal of Medicine juu ya mayai ya shamba moja ya Ugiriki, kuku ilikuwa inatembea nje inajikulia majani na wadudu. Mu ile mayai omega-6 ilipita omega-3 mara 1.3 tu. Mu yai ya supamaketi ya Marekani ilipita mara 19 na kitu. Kuku ya Ugiriki hakuna mutu alikuwa anaipikia fomula, ilikuwa inapiga mguu. Kisha Wabelji mu miaka ya 1990 bakatoa yai yao inaitwa Columbus, kwa wazo ile ile ya kusawazisha hizo omega mbili.

Sasa tumbo. Yai ya omega-3 ukiipima iko na mafuta karibu gramu 5, kalori sabini na kitu, kolesteroli karibu miligramu 190, proteni gramu 6. Na yai ya kawaida? Ni ile ile! Aina ya mafuta imebadilika, kipimo cha mafuta hakijabadilika. Ile mutu wa audio anaongea ni kama omega-3 inaingia mu tumbo na fagio. Haina fagio.

Mwana Nguba:
Mufugaji unatuumiza sasa, mi nilishanunua 😂 bibi anakaanga mbili kila asubui. Basi haina faida ata moja?

Mufugaji wa Bagira:
@Mwana Nguba iko nayo, kula yai yako bila huzuni. Kwa mutu hakule samaki ile yai ni kitu. Ulaya ile ofisi yao ya usalama wa chakula, EFSA, inasemaka mutu mukubwa apate DHA na EPA, omega-3 ingine ya samaki, pamoja miligramu 250 kwa siku, ukikula mayai mbili ya kweli ya omega-3 uko karibu kufika. Ila ile ni kwa ajili ya moyo. Kwa kushusha mafuta ya mu damu, ile trigliseridi, madokta banatumiaka omega-3 gramu 2 mpaka 4 kwa siku, GRAMU, uhesabu mwenyewe ni mayai ngapi 😅 Na ata hizo gramu zote, kilo na kiuno hazishuke kitu cha maana. Bachunguzi ba Cochrane, kundi ya kimataifa yenye kuchambua majaribio ya matibabu, balikusanya majaribio mingi sana juu ya omega-3, trigliseridi bakaona inashuka kweli, unene hapana.

Na nikuulize: bibi anakaanga na mafuta gani, na ngapi? Juu hapo njo mazungumzo inaanza.

Papa Kilo:
Mi tumbo yangu ni ya heshima muniachie. Ku kazi mutu bila tumbo banazani mushahara haijaingia

Infirmie wa Zamu:
Papa Kilo kwa heshima yote 🙏 naomba nikuongeleshe kidogo. Mafuta ya tumbo haiko ya aina moja. Kuko ile ya chini ya ngozi, ile unaweza kukamata na vidole, haiko mubaya sana. Kuko ingine ya ndani, inazunguka matumbo na maini, ile huwezi kuishika na mukono, njo mutu anakuwa na tumbo ngumu imetokea mbele kama ngoma na mikono na miguu yake iko myembamba. Ile ya ndani iko karibu na mushipa wenye unapeleka damu ku maini, asidi ya mafuta inatoka pale inaenda moja kwa moja ku maini, maini inaanza kujaa mafuta, insulini inashindwa kufanya kazi yake, sukari inapanda, tansio inafuata. Dokta mumoja wa Marseille, Jean Vague, aliisema tangu 1947, kama kunenepa kwa juu mu tumbo njo kunafuatana na sukari na magonjwa ya mishipa kuliko kunenepa kwa chini ku matako na mapaja. Bamama benye makalio mukae na amani.

Kupima usipime ku mukanda ya pantalo, wanaume banafungiaka mukanda chini ya tumbo kisha anakuambia niko na saizi 34 tangu niowe. Unatafuta mufupa wa mwisho wa mbavu, unatafuta mufupa wa kiuno pande, katikati yao njo unapitisha metre ya mushonaji, pumua kawaida, toa hewa bila kuvuta tumbo ndani, soma. Mwanaume kuanzia sentimita 94, mwanamuke kuanzia 80, tunaanza kuongea. Mwanaume akipita 102 na mwanamuke 88, tunaongea na sauti. Hizo namba zilitoka ku wazungu, shirika ya kimataifa ya diabeti ilisema Afrika ya kusini ya Sahara tuitumie hivo hivo mpaka tupate ya kwetu. Njia ingine raisi: kiuno kisipite nusu ya urefu wako.

Papa Kilo:
Nikimaliza kupima sitaandika apa

Mwana Nguba:
😂😂😂 tayari tumejua

Mama Sambaza:
Mi niko nauzisha ku Muhanzi miaka na miaka na sijasoma hizo majarida yenu, ila nauliza. Kama hiyo DHA yenu inatokeaka mu samaki, juu ya nini mutu wa Bukavu mwenye kukaa pembeni ya ziwa anatoa franka mingi kwa kununua yai yenye kuku alikulishwa samaki, na samaki iko pale inalia mu bassin??

Mufugaji wa Bagira:
Mama nakupigia saluti. Nakubali, na mi ni muuza mayai. Sambaza, ile samaki yetu ndogo ndogo ya ziwa, unakula yote na kichwa na mifupa, unapata DHA, unapata kalsiumu, na proteni juu. Ziwa ya Kivu zamani haikukuwa nazo ata, balizitoa Tanganyika bakazimwanga apa mu 1959 hivi, leo ni kama tulizaliwa nazo. Samaki ya bahari baridi yenye kunenepa inapita sambaza kwa omega-3, ile hatubishane, ila ile ya kwetu iko hapa na inakulika kila siku.

Shida ya sambaza ni moja tu. Tunazikaanga mu mafuta mingi mpaka zinalia kama mbao, mafuta yenye balishapikia mara ingapi, kisha tunasema tumekula samaki.

Etidia Agro:
Naomba niongeze, naona watu wanachanganya. Hapo zamani kulikuwa mayai ingine ya kutafutiwa dawa ya tumbo, haiko ya omega-3, ni ya CLA. CLA ni asidi ya mafuta yenye inatengenezwa mu tumbo ya wanyama wenye kucheua, ngombe, mbuzi, kondoo. Bawa-Amerika ku Wisconsin na Michael Pariza njo baliigundua kwanza mu nyama ya ngombe ya kuchoma. Panya zikikula CLA zinapunguza mafuta kabisa, kila mutu akaruka, vidonge vikatoka, na ma agronome bakasema basi tulishe kuku CLA itoke mu yai. Ikatoka kweli, ila kimanjano, ukiweka ile mayai mu baridi, kikawa kigumu kama mupira! Na mayai ya kutotolesha ikawa vifaranga vinafia ndani.

Kwa mutu sasa: majaribio yote ikikusanywa, CLA gramu 3.2 kwa siku inapunguza mafuta karibu gramu 90 kwa wiki. Ni kitu lakini kidogo sana. Na aina moja ya CLA bakaijaribia Sweden mu wanaume wenye tumbo kubwa, Ulf Risérus alitoa matokeo mu 2002, insulini ikazidi kushindwa badala ya kupona. Kwa hiyo mwenye kutafuta CLA akunywe mashanza, maziwa ya kuganda, ya Walungu kwa raha yake, ya ngombe yenye kukula majani, na asitazamie kiuno.

Mufugaji wa Bagira:
@Etidia Agro aksanti, hiyo ya kimanjano ya mupira ningelipa bei nione sura ya muteja 😂

Sasa turudi ku mafuta ya kukaangia, juu pale njo niko na kitu ya kusema na najua mutanipiga mawe.

Ku Uppsala mule Sweden, timu ile ile ya Risérus ilifanya jaribio, Fredrik Rosqvist akaandika mu 2014 mu jarida Diabetes. Vijana 39 bembamba, bakabalisha keki ndogo kila siku juu ya chakula yao ya kawaida, wiki 7, ili banenepe kwa makusudi. Nusu keki ilipikwa na mafuta ya mangazi, ni kusema mawese, nusu na mafuta ya alizeti. Wote bakaongeza kilo ile ile, karibu 1.6. Usimamishe hapo. Bakabaingiza mu mashini ya kupiga picha za ndani. Benye mangazi, mafuta ya ndani ya tumbo iliongezeka karibu mara mbili ya benye alizeti, na maini ikajaa mafuta. Benye alizeti, karibu nusu ya uzito wenye baliongeza iliingia mu nyama ya mwili. Mizani inasema sawa na tumbo inasema tofauti.

Na mbele ya ile, 2012, walichukua watu 67 benye tumbo tayari, wiki 10, bamoja siagi, bengine mafuta ya alizeti na mbegu. Kilo haikutofautiana sana, maini ya benye alizeti ikapunguka mafuta. Na alizeti, musikilize muzuri, imejaa OMEGA-6. Ile omega-6 mutu wa audio anaita sumu. Mi mwenyewe siamini tena hiyo vita ya omega-6 na omega-3 kama vile banaitangaza. Omega-3 tunaikosa, tuongeze, sawa. Ila kwa tumbo ya ndani, kubadilisha mafuta ya kuganda kama siagi na mangazi kwa mafuta ya maji kama alizeti njo kunaonekana mu picha, kuliko kubadilisha yai.

Mwana Kadutu:
Nilijua tu!! Sasa munataka kutukataza mawese? Babu yangu alikula mawese maisha yake yote, sombe bila mawese iko chakula ya mbuzi, na alikufa muzee sana na tumbo hakukuwa nayo. Hizo ni mambo ya wazungu kuuzisha alizeti yao

Mufugaji wa Bagira:
Ndugu yangu weka jiwe chini. Babu yako alikuwa anapanda na kushuka na mulima na mufuko wa mihogo ku mugongo, na mawese yake ilikuwa kijiko mu nyungu ya watu kumi. Wewe unashuka ku taxi-moto mbele ya mulango ya nyumba. Ile jaribio haikusema mawese inanenepesha kuliko alizeti, nilisema kilo ilikuwa SAWA. Ilisema ukishakula kupita kiasi, aina ya mafuta inaamua fasi yenye itaenda kukaa. Na ile ya keki ilikuwa ya kusafishwa, nyeupe, haina ile rangi. Mawese yetu nyekundu iko na ile rangi ya karoti yenye mwili inageuza vitamini A, watoto ya huku banaihitaji, siwezi kuitukana. Ila ukiichoma mu sufuria mpaka inakuwa nyeupe, vile bamama mingi banafanya juu harufu ipotee, rangi unaiua na mafuta ya kuganda inabakia palepale. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya kuganda, ichomwe ao isichomwe.

Kwa sombe weka. Kwa kukaanga yai kila asubui, kwa kukaanga ndizi, kwa kukaanga sambaza, kwa kukaanga mandazi, kila kitu mu sufuria moja ya mafuta, pale njo naogopa.

Infirmie wa Zamu:
Naunga mukono. Na tusilaumu mafuta peke yake, kuna bia mu hiyo hesabu na hakuna mutu ametaja 👀 Papa akinywa chupa kubwa nne mu wikendi na soda ya sukari katikati ya wiki, kisha ananiuliza kama kimanjano kina shida. Kimanjano mbili na maharagi asubui inashibisha, hautafute mandazi saa ine. Mutu mwenye sukari tayari ao kolesteroli ya kurizi mu jamaa, huyo aulize dokta wake mbele ya kula mayai mingi, bengine yai moja kwa siku haina neno.

Mwana Nguba:
Bia bahusishe pole pole jameni

Mufugaji swali ya mwisho, ile plato yangu nitajua aje kama ni omega ya kweli ao banapaka? Kimanjano chake kiko cha rangi ya machungwa kali kabisa, mushuuzi akanivunjia moja akasema ona rangi, omega hiyo

Mufugaji wa Bagira:
Rangi haina kazi hapo ndugu. Rangi inatoka mu mahindi ya manjano, mu majani, ao mu unga wenye banachanganya kusudi. Mi nikitaka kimanjano cha machungwa naweka lengalenga na mahindi manjano, haijafika ata wiki mbili, na omega-3 haijaongezeka vile unazani. Na kuku wa kitani anaweza kutaga yai ya kimanjano kipauka kama mahindi yake ni meupe. Omega inaonekana mu laboratwari tu, na mashini ya kutenganisha mafuta, mu soko hakuna macho inaiona. Umuulize mushuuzi kitu moja: kuku yake inakula nini? Kama anasema mahindi na soja na pumba, ni yai ya kawaida, ulipe bei ya kawaida. Kama hajue, mbaya zaidi, juu inaonekana alinunua plato kwa mutu mwingine na karto njo aliandika yeye.

Etidia Agro:
Na mwenye kutaka kuijaribu nyumbani bila kitani, atumie nini? Huku kitani haipatikane.

Mufugaji wa Bagira:
Mi naweza kusema vile nafanya, usichukue kama sheria. Kwanza kuku zinatoka inje mchana, kwa wale wenye parseli. Majani, wadudu, na ile kijani yenye kulala chini yenye majani madogo manene ya maji na shina nyekundu, wafaransa banaita pourpier, inaota mu kila shamba na tunaing'oa bule, ile iko na ALA sana kwa mboga, na kuku ya Ugiriki njo zilikuwa zinaikula. Pili soja yenyewe yenye mafuta yake bado ndani, iliyokaangwa muzuri, juu soja mbichi inazuia kuku kutumia proteni. Mafuta ya soja iko na ALA karibu asilimia 7, haifike kitani yenye inapita nusu, ila ni kitu, na soja hapa Kivu ya Kusini inalimwa. Tatu unga ya sambaza, kwa mukono mwepesi. Ukizidisha yai inanuka samaki, na mutu akikaanga asubui nyumba yote inajua, na muteja harudi.

Hata kitani ukiipata usipite sehemu moja mu kumi ya chakula, kuku inapunguza kutaga na yai inaanza kunuka vile vile. Na usiisage ya mwezi muzima, hiyo mafuta inaharibika upesi ikikutana na hewa, saga ya siku chache, na vitamini E mu chakula inasaidia isioze mu yai.

Mama Sambaza:
Sasa nyinyi bote benye kufuga mutakuja kununua unga ya sambaza kwangu? Juu ile ya kuvunjika vunjika mi nabaki nayo kila jioni, bei tutaongea

Mufugaji wa Bagira:
Mama kesho niko Muhanzi. Uiweke kando ile yenye kukauka, yenye maji inaoza mu mufuko

Papa Kilo:
Nimepima. 107. Infirmie njoo inbox